Kiraka cha Kaure

Jino lilivunjika saa nne asubuhi, kinywani mwa fundi aliyekuwa katikati ya uongo. Alikuwa anamwambia mwalimu wa chekechea kwamba gauni lake limebaki pindo tu, aje kesho alichukue. Huku akisema hivyo alikuwa ameubana uzi wa nailoni kwa meno ya upande wa kulia ili aukate, maana hivyo ndivyo alivyokata nyuzi tangu alipojifunza kazi. Uzi ulikatika, na kitu kingine kikakatika pamoja nao. Fundi alipapasa kwa ulimi, kisha akatema kiganjani kipande cheupe chenye ukubwa wa punje ya mchele. Mwalimu, ambaye gauni lake lilikuwa bado kitambaa kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, alimpa pole nyingi na kumwambia kwamba hata keshokutwa si mbaya.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, ingawa si mbele yake. Juu ya mlango wa kibanda chake palikuwa na kibao kilichoandikwa KAZI SAFI KWA WAKATI, na watu walikisoma kama wanavyosoma matangazo ya uchaguzi. Mikono yake ilikuwa mizuri, hilo hata waliomchukia walikiri. Suruali iliyotoka kwake ilimkaa mtu akaonekana ana kazi nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Shida ilikuwa kwenye kutoka. Alikuwa na sababu tatu za kuchelewa, na alizitoa kwa mpangilio usiobadilika: mara ya kwanza umeme ulikatika, mara ya pili uzi wa rangi ile umekosekana madukani, mara ya tatu mjomba wake amefariki. Mjomba mwenyewe alikuwa mzima wa afya, anafuga kuku, na mwaka ule peke yake alikuwa ameshazikwa mara kumi na tisa.

Nyumbani, Bibi alizipokea habari za jino kwa furaha aliyoshindwa kuificha. Bibi alikuwa mama mzazi wa mume wa fundi, na kinywani mwake hakukuwa na jino hata la ushahidi. Kwa miaka sita alikuwa amekaa mezani akisikiliza wenzake wakitafuna, akalowesha mkate wake kwenye chai na kunung'unika. Sasa alimwomba mkwe wake afungue kinywa, akachungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndivyo yanavyoanza," alisema. "Moja linatangulia, mengine yanafuata. Karibu."

Mume wa fundi alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kutwa alizunguka nyumba za watu akiandika tarakimu ambazo hakuna aliyezikubali, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kusema kwa sauti ya barua za serikali. Kwa mujibu wa hesabu zake, kung'oa kulikuwa rahisi kuliko kutibu, tena mtu ana meno mengi na moja halitaonekana limepungua. Alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya kioo, akijitazama ndani ya suti ya rangi ya majivu yenye mistari myembamba ya bluu. Suti hiyo mkewe alimpa miezi miwili iliyopita, akamwambia ni ya mteja aliyeikimbia. Tangu siku hiyo mume aliivaa kila alipopata kisingizio, na siku nyingine bila kisingizio.

Fundi hakutaka kung'olewa. Jino lile lilikuwa mkasi wake, na lilionekana alipocheka. Lakini zaidi ya hayo aliogopa. Usiku ule alikuwa amekitazama kinywa cha Bibi kikihangaika na ganda la mkate, akaona mbele yake miaka ishirini ya chai na mkate uliolowekwa. Akainuka, akaenda kwenye kopo la akiba ya kununulia mashine ya ovaloki, akalimimina kitandani bila kumuuliza mtu.

Daktari wa meno alikuwa mtu mpole, mwenye vidole virefu na tabia ya kuomba radhi kabla ya kuumiza. Alipiga picha, akagonga hapa na pale, akavuta kiti karibu.

"Ukuta wa nje umebomoka," alisema. "Nikiziba kwa kawaida, kizibo hakitakuwa na pa kujishikiza, kitatoka mara moja. Kung'oa naweza sasa hivi, ni dakika kumi tu. Lakini mzizi ni mzima kabisa, na mimi huona uchungu kung'oa jino lenye mzizi mzima."

Fundi akauliza kama kuna njia nyingine.

"Ipo. Kiraka. Kinatengenezwa nje ya kinywa, kwa kaure, kwa kipimo cha jino lako mwenyewe. Kinafunika pale palipobomoka, tunakibandika kwa gundi, na jino linarudi kazini. Leo nachonga na kuchukua kipimo, fundi wangu wa maabara anakitengeneza, Alhamisi ijayo unakuja kubandikwa."

Fundi alijiinua kitini. Tangu aingie pale alikuwa akielezwa mambo ya mizizi na mishipa na kuitikia tu, sasa mtu alikuwa anazungumza lugha yake.

"Kwa hiyo leo ni kupima na kukata," alisema. "Halafu hapa katikati?"

"Nitakuwekea kizibo cha muda."

"Bandi."

Daktari hakulijua neno hilo, ikabidi aelezwe kwamba ni mishono mirefu ya uzi dhaifu, inayoshikilia nguo mpaka ishonwe kweli, ili mtu akitaka kuitoa aivute tu. Daktari alifurahi sana, akasema atalitumia kwa wagonjwa wengine.

"Basi hiyo ni bandi, na usiivute," alisema. "Usitafunie upande huo. Uzi usiulete kinywani kabisa. Jino likipasuka mpaka kwenye mzizi, kiraka hakitakuwa na kazi tena. Litabaki la kung'oa tu."

Mezani kwa karani wa mapokezi aliombwa malipo yote kabla ya kazi kuanza. Fundi aliona huo ni uonevu mkubwa, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kugusa kitambaa cha mtu kabla hajashika pesa. Alilipa, akarudi kitini, akachomwa ganzi. Daktari alichonga, akambana ute wa waridi kwenye meno mpaka ukaganda, akautoa, na kwa muda fundi akayaona meno yake yote yakiwa yamegeuzwa ndani nje, kama nguo inayosubiri kupigwa pasi.

Alhamisi alifika saa mbili asubuhi. Karani wa mapokezi, msichana mwenye kucha ndefu aliyebonyeza simu kwa ncha ya kalamu tu, alimwambia kiraka hakijafika. Fundi wa maabara ametuma ujumbe kwamba umeme ulikatika na tanuri la kuchomea kaure halikupata moto. Aje Jumanne. Fundi alisema pole, tena kwa moyo safi, maana umeme hukatika.

Jumanne karani alisoma ujumbe mwingine. Kaure ya rangi inayolingana na meno ya mama imekosekana, imeagizwa, itafika siku yoyote. Fundi alirudi kibandani kwa miguu na njiani kitu kikawa kinamkuna akilini, asijue ni nini. Meno yake yalikuwa ya rangi ya meno, si zambarau. Kwa nini rangi ikosekane?

Nyumbani mambo yalikuwa yameanza kumdhalilisha. Kwa vile alitafunia upande mmoja, tena taratibu, mume na wengine walimaliza kula yeye akiwa bado na sahani mbele yake, na Bibi akawa anambakizia kiti karibu naye. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wanalowesha mkate kwenye kikombe kimoja. Bibi alimfundisha mbinu zote, ya kugandamiza kwa ulimi, ya kumumunya, ya kumeza bila aibu mbele ya wageni. Alikuwa mwalimu mzuri na mwenye subira, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika miaka kumi na saba ya ukwe wao. Kibandani fundi alikata nyuzi kwa mkasi, na kwa kuwa hakuzoea, kila uzi ulimcheleweshea kazi. Wateja waliokuja aliwaambia kesho, kama kawaida, ila sasa lile neno lilimpita kwenye bandi, akawa analisikia likigusa.

Ijumaa ya wiki ya tatu alimkuta karani amevaa uso wa msiba.

"Fundi wa maabara amefiwa," karani alisema. "Mjomba wake."

Wagonjwa waliokuwa kwenye viti walisema pole kwa pamoja. Fundi alishika ukingo wa meza. Akauliza mjomba huyo ni wa upande gani, karani akajibu kwamba ujumbe haukusema, akamtazama kwa namna ya kumwona hana utu. Katika chumba kile chenye watu wanane, Fundi Kesho alikuwa mtu pekee aliyejua kwamba hakuna aliyekufa. Umeme, uzi, mjomba. Zilikuwa zake zote tatu, tena kwa mpangilio wake.

Daktari alimwingiza ili airekebishe bandi iliyoanza kulegea. Alikuna kichwa, akasema ameshamsukuma fundi wake kadiri alivyoweza, na kwamba jino lililochongwa haliwezi kukaa hivi mwezi mzima. Kizibo cha muda kikitoka akauma kitu kigumu, ndiyo basi. Alisema hivyo kwa upole, akaomba radhi.

Jioni fundi alimwambia mumewe kwamba fundi wa maabara ni mwongo.

"Umejuaje?"

"Nimejua tu."

Msoma mita hakuhitaji ushahidi zaidi. Maishani mwake alikuwa na hamu ya siku moja kugonga mlango wa mtu yeye akiwa ndiye mwenye haki, na hapa haki ilikuwa imekuja yenyewe na stakabadhi juu. Alitangaza kwamba kesho asubuhi watakwenda wote wawili hadi maabara, atakwenda kuongea na huyo kijana kwa mujibu wa taratibu. Akatoa suti ya rangi ya majivu akaining'iniza mlangoni, isijikunje.

Fundi alikuwa na jino tu kichwani. Asubuhi alitembea kando ya mumewe mitaa minne mizima, yeye ambaye mtu akipita ng'ambo ya barabara alijua kola yake imekatwa na nani, na hakutazama hata mara moja mumewe amevaa nini.

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Kulikuwa na tanuri dogo, taa yenye shingo, na rafu zilizojaa meno ya plasta, taya juu na taya chini, kila jozi na karatasi yake ya jina. Nusu ya mtaa ilikuwa imekenua pale ukutani. Kijana aliyekaa chini ya taa alikuwa mwembamba, amevaa miwani, na aligeuka taratibu kwa sababu alikuwa ameshika kitu kidogo kwa koleo.

Fundi alimtambua kabla hajamaliza kugeuka. Huyu alikuwa Mwenye Suti. Alikuja kibandani kwake mara saba, akapigwa danadana mara saba, na mara ya saba alitoa pole ya msiba. Fundi hakuwahi kumuuliza anafanya kazi gani.

"Kijana," mume alianza, "sisi ni watu wa kufuata taratibu. Kwa mujibu wa stakabadhi hii, mke wangu amelipa kiraka kimoja cha jino, na mpaka tarehe ya leo—"

Kijana hakuitazama stakabadhi. Alikuwa anatazama koti. Alilitazama kwenye kola, akashuka na mistari ya bluu mpaka kwenye vifungo, akapanda tena.

"Kitambaa kizuri," alisema.

"Zawadi ya mke wangu," mume alisema, akajivuta kidogo.

"Ndani, kushoto, kuna kimfuko cha miwani?"

Mume alilifunua koti, na ndipo fundi naye akaliona. Kimfuko kilikuwepo. Kwa miezi miwili msoma mita alikuwa anajiuliza kwa nini mkewe amemwekea kimfuko cha miwani wakati macho yake ni mazima, na mwisho akakifanya cha kuwekea njiti za kuchokolea meno. Njiti tatu zilikuwa zimechomoza.

Kijana alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa. Kisha akasimama, maana adabu hakuikosa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," alisema Fundi Kesho, na hiyo ndiyo marahaba ndogo kuliko zote alizowahi kuitikia.

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Angeweza kusema umeme. Kwa mazoea ulimi ulikwenda wenyewe kutafuta neno, ukaikuta bandi, ukarudi. Akasema ukweli. Alikuwa amefungua daftari la vipimo, akasoma mstari wa chini badala ya mstari wa kijana, na mstari wa chini ulikuwa wa mumewe. Kitambaa chote kilikatwa kwa kiuno kile. Aligundua alipomaliza kushona, akakaa na koti mapajani, asijue ataanzia wapi kumweleza mtu anayekaribia kuoa.

"Ungeniambia siku ileile," kijana alisema, "ningepata muda wa kutafuta nyingine."

Akaonyesha ukutani, juu ya tanuri. Palikuwa na picha ya arusi. Bibi arusi alikuwa anacheka. Bwana arusi alikuwa ndani ya koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko, na ili kuificha alikuwa ameweka mikono nyuma, kama mtu aliyekamatwa na anasubiri gari. Picha zote ziko hivyo, alisema. Arobaini na mbili.

Mume wa fundi alikuwa ameanza kulivua koti polepole, mkono mmoja kwanza.

"Na kiraka changu?" fundi aliuliza.

Sasa ilikuwa zamu ya kijana kutazama sakafu.

"Kilipasuka," alisema. "Wiki ile ya kwanza. Nilikuwa nimekimaliza, nikakijaribisha kwenye plasta, nikakilazimisha kidogo. Kaure ikiharibika inatoka kwenye mshahara wangu. Nikaogopa kumwambia daktari."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Tanuri lilikuwa linaguruma kidogo. Umeme ulikuwepo, tena wa kutosha.

"Na huyo mjomba?" fundi alisema.

"Wa kwako," alisema kijana. "Mimi sikuwa na maneno, sijazoea. Nikakumbuka ya kwako. Mimi yaliniingia kabisa, nikaona na daktari yatamwingia."

Mume aliuliza mjomba gani. Jana tu alikuwa ameongea na mjomba wa mkewe juu ya trei ya mayai.

Walikubaliana iwe Ijumaa. Kijana atatengeneza kiraka kingine kwa kaure ya kukatwa kwenye mshahara, kitafika kwa daktari kabla ya saa nane mchana. Fundi atanunua kitambaa kilekile kwa gharama yake, na suti itakuwa tayari saa kumi, kwa sababu Jumamosi mke wa kijana amempata mpiga picha atakayewapiga upya, wavae na kusimama kama siku ile. Kijana alipomsindikiza mlangoni alimuuliza kama hiyo ni Ijumaa ya kweli. Fundi akamuuliza hivyohivyo. Waliona aibu wote wawili, kisha fundi akampima kijana upya pale pale mlangoni, bega, kifua, kiuno, akaandika vipimo kwenye kiganja ili asisome mstari wa mtu mwingine.

Msoma mita alirudi nyumbani amelikunja koti mkononi, bitana ikiwa nje. Mtaa wa kwanza hakusema kitu, wala wa pili. Kwenye mtaa wa tatu aliuliza kama na mashati yake yana wenyewe.

Wiki ile Fundi Kesho alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya kwa mtu yeyote, hata kwa mtoto wake alipokuwa anaanza shule. Kila kazi nyingine aliiweka kando, mkasi akauvaa shingoni kwa utepe ili uwe karibu kuliko meno, akashona. Jumatatu alikata. Jumanne alipiga bandi, akamwita kijana ajaribu, kijana akaja akiwa haamini. Kila alipokuwa peke yake aligusa jino kwa ulimi, na lilikuwepo. Alihesabu siku kama mwari. Alimwambia Bibi kwamba Ijumaa jioni atakula ganda la mkate, kavu, mbele yake. Bibi alisema haya, tutaona, akasukuma kikombe katikati yao.

Ijumaa saa tano asubuhi suti ilikuwa inaning'inia, imebaki vifungo vya mikono. Fundi aliuvua mkasi shingoni ili usimsumbue anapopiga pasi, akauweka mezani, akaketi. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kazi yake ilikwisha siku ileile aliyoitaja, bila mtu kumgombeza, bila mtu kufa. Aliona namna kijana atakavyoingia, namna yeye atakavyomwambia chukua, imekwisha, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayefanya hivyo kila siku. Kifungo cha mwisho alikizungushia uzi mara tatu, akafunga fundo, na mkono ukapeleka uzi kinywani kabla akili haijaulizwa.

Safari hii sauti ilikuwa kubwa zaidi. Ilisikika ndani ya fuvu lote.

Alikaa bila kusogea. Uzi ulikuwa umekatika vizuri, karibu kabisa na kitambaa. Kisha maumivu yakapanda mpaka kwenye jicho, na kwenye ulimi jino likacheza, nusu huku, nusu kule.

Saa nane kasoro kumi, fundi alipoingia kwa daktari, kiraka kilikuwa kimeshafika. Kilikuwa kwenye kisanduku kidogo chenye pamba, juu ya sinia ya vyombo, na kijana alikuwa amekileta mwenyewe saa nne asubuhi akaondoka. Daktari alikuwa amekijaribisha kwenye plasta na alikuwa na hamu ya kukisifia. Rangi, kingo, kila kitu. Miaka yote hiyo, alisema, hakuwahi kuletewa kazi nzuri namna hii, tena kabla ya wakati. Halafu akawasha taa na kumwomba afungue kinywa.

Alizima taa, akaiwasha, akatazama tena.

"Ni uzi?" aliuliza.

Fundi alilia. Alilia kama mtoto, kinywa kikiwa wazi, machozi yakiingia masikioni kwa sababu kiti kilikuwa kimelazwa. Daktari aliomba radhi, akachoma ganzi, akaomba radhi tena, na katika dakika kumi alizokuwa amezitaja siku ya kwanza akaling'oa jino lenye mzizi mzima. Akamwekea pamba pale lilipokuwa, akamwambia aiume kwa nguvu, asiongee mpaka jua lizame. Mezani kwa karani alikabidhiwa kisanduku, maana kiraka kilikuwa kimelipiwa na ni mali yake.

Saa kumi kamili alikuwa kibandani, shavu limevimba, amekaa chini ya suti. Angeweza kwenda kulala, lakini alikuwa amesema saa kumi.

Kijana alifika saa kumi na dakika mbili. Alivaa koti nyuma ya pazia, akatoka, akanyoosha mikono mbele. Mikono ya koti iliishia pale inapotakiwa kuishia. Suti ilimkaa mabegani, ikamkaa kiunoni, na ile miwani yake ikaingia kwenye kimfuko cha kushoto bila kusukumwa. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akacheka peke yake, akageuka.

"Imekaa," alisema. "Na changu je? Kimekaa?"

Fundi alimpa kisanduku. Kijana alikifungua, akakiona kiraka kiko palepale kwenye pamba alipokilaza asubuhi. Akamtazama shavu. Akakaa kwenye benchi la wateja na suti yake mpya bila kujali mkunjo.

"Ningekwambia wiki ile ya kwanza," alisema, "ungekuwa umeshabandikwa."

Fundi alitikisa kichwa. Alitaka kumwambia kwamba na yeye angesema mapema, kijana angeoa na mikono mbele. Lakini pamba ilikuwa kinywani. Alikichukua kisanduku, akakiweka ndani ya kopo la vifungo, akafunika.

Kivuli kikasimama mlangoni. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na pochi yake kwapani.

"Fundi, habari za jino? Nimepita tu. Gauni langu je?"

Njia nzima kutoka kwa daktari, fundi alikuwa ameapa moyoni kwamba mtu wa kwanza kuuliza ataambiwa ukweli. Aliokota chaki. Juu ya kitambaa cheusi kilichotandazwa mezani akaandika, kwa herufi kubwa zilizonyooka: SIJALIGUSA. Akamtazama mwalimu, akaligonga neno kwa kidole.

Kutoka mlangoni mwalimu hakuweza kulisoma. Alimgeukia kijana, akitabasamu kwa matumaini. Kijana alilisoma neno lile. Akautazama uso wa mwalimu, akalitazama shavu la fundi, akafunga kifungo cha koti.

"Anasema kesho."

Mwalimu akashukuru, akampa fundi pole ya jino, akaenda zake.